Mnyonya Damu Si Mgeni Kampala

Kila ninaposema kwamba mimi ni shabiki wa The Vampire Diaries, hakosekani mtu wa kunikumbusha kuwa mkataa kwao ni mtumwa. Eti nimetekwa akili, na mwanafunzi wa Kiswahili hana haja na majitu yanayonyonya damu. Nami nawajibu: wanaonilaumu hivyo hawaijui historia ya mji huu.

Ndiyo, tamthilia hiyo nimeitazama yote, misimu 8, vipindi 171, nikinakiliwa kwenye flashi katika vibanda vya Wandegeya. Ilitokana na riwaya za L. J. Smith zilizoanza kutoka mwaka 1991, ikaonyeshwa Marekani kuanzia 2009 hadi 2017. Sioni haya kuipenda.

Lakini mnyonya damu hakuletwa Kampala na flashi. Enzi za mkoloni, watu wa hapa walisimuliana habari za wazimamoto, watumishi wa serikali waliosemekana kuwakamata wapita njia usiku, kuwatia shimoni na kuwatoa damu. Nairobi nako walitajwa. Pwani waliitwa mumiani. Waganda walisema bazimamoto, na neno hilo, msomaji, asili yake ni Kiswahili. Baadaye, Tanzania ilipojenga ujamaa, mabepari waliitwa wanyonyaji, na kila mtu alielewa. Sasa mgeni ni nani?

Tena hadithi yetu ina makali kuliko yao. Katika The Vampire Diaries, mnyonya damu haingii nyumbani kwa mtu mpaka akaribishwe. Mzimamoto hakungoja kukaribishwa. Alikuwa na gari, sare na serikali nyuma yake. Wazee waliosimulia hivyo hawakuwa wajinga. Walikuwa wakiueleza ukoloni kama walivyouonja.

Kilichotushinda ni kuandika. Smith aliandika, wengine wakaigiza, na ulimwengu ukatazama. Sisi tulinong'ona, kisha tukanyamaza. Kitabu kinachojulikana sana juu ya wazimamoto, cha mwaka 2000, kimeandikwa kwa Kiingereza na mwanahistoria Mmarekani, Luise White. Wanaonihubiria habari za utumwa wa akili waanzie hapo.

Jambo hili si mchezo. Tangu mwaka 2005 Katiba ya Uganda inakitambua Kiswahili kuwa lugha rasmi ya pili, na mwaka 2022 Baraza la Mawaziri liliidhinisha kifundishwe kwa lazima shuleni. Hata hivyo, Waganda wengi bado wanakihesabu kuwa lugha ya askari na wezi. Amri haitawaondolea hofu hiyo. Kijana hupenda lugha inayomkesheza. Mavijei wa Kampala wanalijua hilo: hutafsiri filamu za kigeni kwa Kiluganda, kwa vichekesho na vijembe, na watu hulipa. Tanzania, marehemu Lufufu alifanya kazi hiyo kwa Kiswahili. Hapa kwetu Kiswahili kimeachiwa mitihani.

Kwa hiyo, badala ya kutukataza tamthilia, walimu watupe kazi: twende kwa wazee wa Katwe, Mengo na Kisenyi, tuwaulize walisikia nini juu ya wazimamoto, kisha tuandike riwaya kwa Kiswahili. Mimi niko tayari kuandika sura ya kwanza. Anayeniita mtumwa aandike ya pili.