Ufunguo Unao, Wasia Uko Wapi?



Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na masahaba wake. Ama baada ya hayo, ndugu wazazi na wanafunzi wetu, leo tunataka kuzungumza juu ya jambo ambalo zamani hatukudhani lingefika katika madrasa zetu hapa Ediofe. Nalo ni sarafu za mtandaoni, na hasa kile kifaa kidogo cha kuhifadhia funguo zake, ambacho katika makala hii tutakiita pochi ya kifaa.

Jambo hili lilitufikia kwa njia ya msiba. Kijana mmoja, ambaye hatutamtaja jina, alifariki kwa ajali ya boda boda katika barabara ya Koboko. Mwenyezi Mungu amrehemu. Kabla ya kuswaliwa, kama ilivyo ada yetu, iliulizwa hadharani: nani anamdai marehemu? Wakajitokeza watu watatu. Kaka yake akasema deni lipo, lakini na mali ipo, kwani ndugu yao alikuwa ameweka akiba yake katika Bitcoin.

Baada ya maziko walifungua begi lake, wakakuta kifaa kinachofanana na flashi ya kompyuta. Wakakichomeka. Kikaomba namba ya siri. Wakajaribu mwaka wake wa kuzaliwa, wakajaribu namba yake ya pesa za simu, wakajaribu tena, mpaka kifaa kikajifuta chenyewe. Karatasi ya maneno ya kurejeshea haikupatikana popote. Deni lililipwa kwa mchango wa msikitini. Akiba ile bado imeandikwa katika daftari la wazi la mtandao, lakini hakuna mrithi anayeweza kuigusa.

Wazee wetu walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Hapa daftari lipo, na mali imepotea vilevile.

KWA NINI VIJANA WANASHIKA UFUNGUO WENYEWE

Tusianze kwa kulaumu. Sisi watu wa West Nile tunajua maana ya kujiwekea mali. Baada ya Amin kuanguka mwaka 1979, familia nyingi zilikimbilia Zaire na Sudan, na haboba zetu walivuka mpaka na kile kilichofungwa kwenye pindo la nguo. Mwaka 1987 serikali ilipobadilisha fedha, sifuri mbili ziliondolewa na asilimia 30 ikakatwa katika ubadilishaji. Mtu aliyepitia hayo huwaambia wajukuu wake: usiache chako chote mkononi mwa mwingine.

Na walioacha wameona. Desemba 2019 kampuni ya Dunamiscoins ilifunga ofisi zake hapa Uganda ghafla, na maelfu ya watu waliotoa shilingi zao kwa ahadi ya faida kubwa wakabaki na risiti. Novemba 2022 soko kubwa la kubadilishia sarafu lililoitwa FTX lilianguka. Fedha za wateja zipatazo dola bilioni 8 hazikuwepo mahali zilipotakiwa kuwepo, na Machi 2024 mwanzilishi wake alihukumiwa miaka 25 jela. Kabla ya hapo, mwaka 2014, soko la Mt. Gox la Tokyo lilianguka vilevile.

Tena tukumbuke kwamba Aprili 2022 Benki Kuu ya Uganda ilitoa waraka kuziambia kampuni za malipo zisiwezeshe kubadilisha sarafu hizi kuwa pesa za simu, na mwaka 2023 Mahakama Kuu ilitupa ombi la kuupinga waraka huo. Basi anayeweka mali yake huko asitarajie kwamba siku ya shida atakwenda benki kulalamika.

Ndipo likaja wazo la kila mtu kushika ufunguo wake mwenyewe.

KIFAA CHENYEWE KINAFANYAJE KAZI

Watu wengi wanadhani Bitcoin zimo ndani ya kile kifaa, kama noti ndani ya pochi. Sivyo. Sarafu zimeandikwa katika daftari la mtandao lenye nakala kwenye kompyuta nyingi duniani. Kilichomo ndani ya kifaa ni ufunguo wa siri, ambao ndio unaotia saini ya kuruhusu sarafu zihame.

Ukiweka ufunguo huo kwenye simu, programu mbaya inaweza kuuiba. Pochi ya kifaa huuficha ndani yake. Simu au kompyuta huleta ombi la malipo, kifaa huonyesha kwenye kioo chake kidogo ni kiasi gani na kinakwenda wapi, nawe unabonyeza kukubali. Saini hutoka nje, ufunguo hubaki ndani. Trezor, kilichotengenezwa Prague, kilianza kuuzwa mwaka 2014, na baadaye vikaja vingine kama Ledger cha Ufaransa.

Siku ya kwanza kifaa hukupa maneno 12 au 24, mara nyingi ya Kiingereza, yaliyochaguliwa bila mpango kutoka katika orodha ya maneno 2,048. Unayaandika kwa mpangilio wake. Kifaa kikivunjika au kikiibwa, unanunua kingine, unaingiza maneno yale, na kila kitu kinarudi. Kwa hiyo, ndugu zetu, mali ni yale maneno. Aliyeyaona ameshika mali yako, hata kama kifaa umekifungia sandukuni.

KISICHOWEZA KUFANYWA NA KIFAA

Kifaa hakimlindi mtu anayetia saini bila kusoma. Februari 2025 soko la Bybit liliibiwa takriban dola bilioni 1.5. Funguo zao hazikuwa zimeachwa wazi mtandaoni. Walioidhinisha walionyeshwa skrini ya uongo, wakakubali jambo wasilolijua. Mwanafunzi aliyesoma aya ya deni katika Suratul Baqara, aya ya 282, anajua jinsi Mwenyezi Mungu alivyotufundisha kuandika mikataba, kushuhudisha na kutochoka kwa dogo wala kubwa. Kubonyeza "ndiyo" bila kuangalia ni kinyume cha adabu hiyo.

Wala hakimlindi anayedanganywa kutoa maneno yake. Mwaka 2020 taarifa za wateja wa Ledger zilivuja, zikiwemo anwani za nyumbani za watu wapatao 270,000. Funguo hazikuvuja, lakini matapeli walianza kuwaandikia watu wakijifanya ni kampuni na kuomba yale maneno 24. Hakuna kampuni ya kweli inayoomba maneno hayo.

Na zaidi ya yote, kifaa hakijui kama umekufa. Hakijui kwamba mke mwenye watoto ana thumuni, wala kwamba mama ana sudusi. Kinajua namba ya siri tu.

MSIMAMO WETU

Kwanza, kuhusu hukumu ya sarafu hizi, wanazuoni wametofautiana. Dar al-Ifta ya Misri ilitoa fatwa ya kuikataza Bitcoin, na fatwa hiyo ilitangazwa mwanzoni mwa 2018. Wengine wameruhusu kwa masharti. Sisi ni walimu wa madrasa, si mamufti. Hatumhimizi mtu kununua. Tunazungumza na wale ambao tayari wanazo, na wamo ndani ya nyumba zetu, baba na mama wapende wasipende.

Kwao tunasema hivi: kushika ufunguo mwenyewe ni sawa, na mara nyingi ni bora kuliko kumwachia usiyemjua. Lakini ukishika ufunguo umekuwa benki, karani na mlinzi kwa wakati mmoja, na ndani ya mali hiyo mna haki za wengine: wanaokudai, warithi wako, na masikini wenye haki ya zaka. Mwenyezi Mungu ametuamrisha katika Suratun Nisaa, aya ya 58, kuzifikisha amana kwa wenyewe. Anayeficha ufunguo kiasi kwamba hata waliowajibika kumlipia deni hawaupati, hakulinda amana; ameizika. Asiyeweza kutimiza hilo, kwa maoni yetu, asiimiliki mali ya namna hii kabisa.

Kwa hiyo tunanasihi yafuatayo:

1. Pima kwanza. Kifaa cha bei ya chini huuzwa takriban dola 50 hadi 80, kabla ya usafiri na ushuru. Mwenye akiba ya shilingi laki moja kununua kifaa hicho ni kununua kufuli ghali kuliko ng'ombe.

2. Nunua kwa mtengenezaji au muuzaji aliyemthibitisha. Usinunue kilichofunguliwa. Kikifika na karatasi yenye maneno yaliyokwisha kuandikwa, huo ni mtego: aliyeyaandika anangoja uweke mali.

3. Andika maneno kwa mkono wako. Usiyapige picha, usiyatume kwa WhatsApp, usiyapeleke kwenye kibanda cha fotokopi. Mchwa, moto na mvua tunavijua. Weka nakala mbili katika sehemu mbili tofauti. Ukitaka kuyagonga kwenye bati, gonga mwenyewe, usimpe fundi.

4. Jaribu kabla ya kuamini. Weka kiasi kidogo, futa kifaa, kirudishe kwa maneno yako. Kikirudi, ndipo uendelee.

5. Andika wasia. Taja kwamba mali hiyo ipo, madeni yako ni yapi, kifaa kiko wapi, na bahasha iliyofungwa yenye maneno iko kwa nani. Maneno yenyewe usiyaandike ndani ya wasia, kwa sababu wasia husomwa na wengi. Mtu wa bahasha awe mwaminifu, na awepo wa pili anayejua kwamba bahasha ipo na iko kwake.

6. Mwambie mwenzi wako au mzazi wako. Si lazima ajue kiasi. Ajue kwamba kipo, na kwamba akikuta kifaa asikisie namba ya siri.

Baadhi ya vijana wametuambia: "Ustadh, nikimwambia mtu, si siri tena." Tunawajibu kwamba Mtume (S.A.W.) alimfundisha bedui kumfunga ngamia wake kisha kumtegemea Mwenyezi Mungu. Pochi ya kifaa ni kumfunga ngamia. Lakini ukimfunga porini pasipojulikana na yeyote, kisha ukafa, ngamia atakufa pale pale na kamba yake shingoni.

Na katika hadithi ya Ibn Umar, iliyopokewa na Bukhari na Muslim, tumefundishwa kwamba Muislamu mwenye kitu cha kuusia asipitishe siku mbili ila wasia wake umeandikwa naye anao. Hadithi hiyo haikubagua ng'ombe, shamba, wala sarafu isiyoshikika.

Wazazi, usiku wa leo baada ya Isha, muulizeni kijana wenu kwa upole, bila kumfokea: una kitu huko mtandaoni? Nani anajua? Nawe kijana, kabla hujaagiza kifaa kutoka Kampala au Dubai, nunua kwanza daftari la wasia. Linauzwa pale sokoni Arua, na bei yake hata mwanafunzi anaiweza.

Mwenyezi Mungu amsamehe ndugu yetu, azifanyie wepesi familia zetu, na atujaalie tuondoke duniani bila deni juu ya shingo zetu. Aamin.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum warahmatullah.