Miradi ya kilimo: Mkulima mdogo ni mshirika au msindikizaji?

KATIKA hafla za kuzindua miradi ya kilimo, neno linalotamkwa kuliko mengine yote ni ‘ushirikishwaji’. Mkulima mdogo huitwa mdau, huitwa mshirika, na siku hizi huitwa hata mwekezaji. Swali lisiloulizwa mara nyingi ni kwamba anashirikishwa katika hatua ipi, na baada ya nani kuwa amekwisha kuamua nini.

Bonde la Kilombero mkoani Morogoro ni mahali pazuri pa kulitafutia jibu swali hilo, kwa kuwa karibu kila aina ya mradi wa kilimo imepita hapo. Kipo kiwanda cha sukari kilichoanza kazi mwanzoni mwa miaka ya 1960. Lipo shamba la mpunga la Mngeta, lililoanzishwa kwa ubia na Korea Kaskazini katika miaka ya 1980. Kisha bonde lote likaingizwa katika Mpango wa Kuendeleza Kilimo Ukanda wa Kusini mwa Tanzania, maarufu kama SAGCOT.

Mpango huo ulitangazwa Mei 2010 jijini Dar es Salaam, wakati wa mkutano wa Jukwaa la Uchumi Duniani kwa Afrika, na andiko lake la uwekezaji likazinduliwa Davos, Uswisi, Januari 2011. Malengo yalikuwa makubwa: ifikapo 2030, hekta 350,000 ziwe chini ya kilimo cha kibiashara, ajira 420,000 ziwe zimepatikana, na watu zaidi ya milioni mbili wawe wametoka katika umaskini. Miongoni mwa washirika zilikuwamo kampuni za Yara, Unilever, Monsanto na Syngenta.

Mwanakijiji wa Kilombero hakuwapo Davos. Andiko lilipomfikia lilikuwa limekwisha kumpangia nafasi yake, nayo ni ya kulima pembezoni mwa shamba mama la mwekezaji, akilitegemea kwa pembejeo, kwa utaalamu na kwa soko. Alichobakiziwa ni kukubali au kukaa pembeni.

Sheria nayo inaonyesha kauli ya mwisho iko kwa nani. Chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999, ardhi ya kijiji inapotakiwa kuhamishwa ili iwe ardhi ya kawaida, mkutano mkuu wa kijiji una uwezo wa kukubali au kukataa iwapo eneo halizidi hekta 250. Likizidi hapo, kijiji hutoa mapendekezo tu, na Waziri ndiye anayeamua. Kwa maneno mengine, kadiri kinachoombwa kinavyokuwa kikubwa, ndivyo sauti ya wanakijiji inavyopungua.

Hata hivyo, ardhi peke yake haitoshi kueleza mambo. Wakulima wa miwa wa Kilombero wana mashamba yao wenyewe, na bado nguvu hazilingani. Baada ya kiwanda kubinafsishwa mwaka 1998 na kuchukuliwa na Illovo ya Afrika Kusini, wakulima wa nje waliongezeka hadi kufikia maelfu. Wapo walionufaika, na itakuwa upotoshaji kusema vinginevyo. Miwa iliwajengea watu nyumba na kuwasomeshea watoto.

Tatizo linaanzia katika tabia ya muwa wenyewe. Ukishachomwa moto na kukatwa huanza kupoteza utamu, na kila siku unayolala shambani au njiani ni hasara ya aliyeulima. Hauwekwi ghalani kusubiri bei nzuri, na mnunuzi wa maana ni mmoja. Kiwanda ndicho kinachopokea miwa kwa ratiba yake, ndicho chenye mizani, na ndicho chenye maabara inayopima kiwango cha sukrosi ambacho malipo hutegemea. Kwa miaka mingi kipimo hicho kimekuwa chanzo cha manung’uniko bondeni. Si lazima mtu awe amedanganya. Inatosha kwamba upande mmoja unapima na mwingine unapokea karatasi ya majibu.

Mkulima angetarajia serikali iwe mwamuzi. Lakini ikumbukwe kwamba katika ubinafsishaji huo serikali ilibakiza asilimia 25 ya hisa za kampuni. Refa ana jezi ya timu moja chini ya koti lake.

Wala wakulima wenyewe si kundi moja lenye maslahi yaleyale, jambo ambalo maandiko ya miradi hupenda kulisahau. Vyama vya wakulima wa miwa vilikuwa viwili vikubwa, vikagawanyika hadi kuzidi kumi, na baadaye vikaelekezwa kuwa vyama vya ushirika vya msingi. Palipo na nafasi chache za kuvuna na kusafirisha, mwenye ekari hamsini na anayefahamiana na viongozi hawezi kulinganishwa na mjane mwenye ekari moja. Anayesema kwa niaba ya wakulima wadogo mara nyingi si mdogo.

Mpunga wa Mngeta unatoa sura nyingine. Shamba hilo, lenye zaidi ya hekta 5,800, liliingia mwaka 2007 mikononi mwa Kilombero Plantations Limited (KPL), kampuni iliyomilikiwa kwa sehemu kubwa na Agrica ya Uingereza. Maelfu ya familia za vijiji jirani yalifundishwa kilimo shadidi, na baadhi yakapewa mikopo ya mbegu na mbolea. Mavuno ya wengi yaliongezeka. Mwaka 2013 serikali iliruhusu mchele wa nje kuingia bila ushuru, bei ikaporomoka, na mikopo ikabaki palepale.

Tofauti na muwa, mpunga hukaa ghalani na hununuliwa na yeyote mwenye gari na fedha taslimu. Katika miradi ya namna hii, mkulima anayemuuzia mlanguzi badala ya mradi huitwa asiye mwaminifu. Ukweli ni kwamba uhuru huo wa kuuza kwingine ndiyo silaha pekee aliyonayo katika majadiliano. Mwekezaji naye hakusalimika, kwani KPL ilishindwa kulipa madeni yake mwaka 2019. Lakini yeye alikuwa na mawakili na wakopeshaji wa kukaa nao mezani. Mkulima aliyekopa mbolea alikuwa na mpunga wake tu.

Mambo haya hayajawa historia. Mwaka 2021 yaliafikiwa makubaliano ya kupanua kiwanda cha sukari cha Kilombero ili kizalishe takriban tani 271,000 kwa mwaka, zaidi ya mara mbili ya kiwango cha wakati huo, na sehemu kubwa ya miwa ya ziada inategemewa kutoka kwa wakulima wa nje. Ni mara chache mkulima mdogo huhitajika kiasi hicho. Nani atapima sukrosi, mkataba utaandikwa kwa lugha gani, na hasara ya miwa iliyochelewa kupokelewa itabebwa na nani, ni mambo ya kumalizwa kabla mbegu ya muwa haijaingia ardhini, wakati mkulima bado anaweza kusema kwamba msimu huu atapanda mpunga.