Muthurwa au Kaloleni: wapi pa kumlea mtoto?

Kila mtu aliyekaa Nairobi miaka mingi amewahi kuulizwa swali hili na jamaa anayetafuta nyumba: mtaa gani ni mzuri? Mimi niliulizwa mwaka wa 2014, mpwa wangu aliponijia Jumamosi moja jioni akiwa na mkewe na mtoto wao wa miezi minane.

Walikuwa wameonyeshwa vyumba viwili. Kimoja kilikuwa Muthurwa na kingine Kaloleni, mitaa miwili ambayo mtu anaweza kutembea kutoka mmoja hadi mwingine kwa nusu saa hivi, akifuata barabara ya Landhies na kupita uwanja wa City. Kodi ilikaribiana, tofauti ikiwa shilingi mia tano tu. Lakini pesa walizokuwa nazo zilitosha kuhama mara moja. Wakikosea, ingewabidi kukaa papo hapo na kosa lao.

Mpwa alitaka Kaloleni. Mkewe, ambaye alikuwa akiuza nguo za watoto Gikomba, alitaka Muthurwa.

"Mjomba, tuamulie," akasema mpwa.

Kazi ya kumwamulia mtu na mkewe naijua, wala siipendi. Niliwaambia warudi kesho yake mchana twende tukatembee.

Tulianzia Muthurwa. Kwa anayetafuta riziki mjini, hapo ni mahali pa kutamaniwa. Ukitoka katikati ya jiji kwa Haile Selassie Avenue, ukipita soko la Wakulima, ambalo watu huliita Marikiti, umefika. Machakos Country Bus ipo hapo, na Gikomba ni kuvuka barabara tu. Mama mtoto alikuwa amekwisha kupiga hesabu: bila nauli asubuhi, bila nauli jioni, na akiitwa kwamba mtoto ana homa, dakika kumi yuko nyumbani.

Nami nilikuwa na hesabu yangu ya zamani. Shangazi yangu aliolewa na mfanyakazi wa reli, na katika miaka ya 1970 tulikuwa tukilala sakafuni kwake Muthurwa wakati wa likizo. Zilikuwa nyumba za safu, zile zilizoitwa landhi, zilizojengwa na reli enzi za ukoloni kwa ajili ya wafanyakazi wake Waafrika. Jina la barabara ya Landhies limetokana na neno hilohilo, na Landimawe vilevile. Vyoo na mifereji ilikuwa ya watu wote. Kabla ya Jumuiya ya Afrika Mashariki kuvunjika mwaka wa 1977, reli ilikuwa ya nchi zote tatu, kwa hiyo kwenye mfereji mmoja ungesikia Kijaluo, Kikamba, Kiluhya na lugha za Uganda, na ugomvi wa ndoo ukaamuliwa kwa Kiswahili.

Jambo ambalo sikulielewa utotoni ni kwamba nyumba ile ilikuwa ya kazi. Mume wa shangazi alipostaafu, walifunga kitanda kwa kamba wakakipakia kwenye garimoshi kwenda Kisumu. Hakuna aliyelia wala kushangaa. Ndivyo ilivyokuwa.

Muthurwa tuliyoikuta mwaka wa 2014 ilikuwa nyingine. Soko kubwa la wachuuzi lililofunguliwa mwaka wa 2008 ili kupunguza msongamano wa mjini lilikuwa ubavuni, pamoja na kituo cha matatu za Eastlands. Tulisimama mbele ya kile chumba na ilitubidi kupaza sauti ili tusikizane, na hiyo ilikuwa Jumapili. Mtoto aliamka akaanza kulia.

Lakini kelele si neno kubwa, kwani mtu huzizoea. Neno kubwa lilikuwa mahakamani. Mwaka wa 2006, ardhi ya Muthurwa iliwekwa chini ya hazina ya malipo ya uzeeni ya wafanyakazi wa Shirika la Reli, ili izae pesa za kuwalipa wastaafu. Mwaka wa 2010 wakazi walipewa notisi ya siku 90 wahame. Wakazi 12 walikwenda Mahakama Kuu kwa niaba ya wenzao, na kulikuwa na wastaafu wa reli miongoni mwa waliotakiwa kuhama. Hebu fikiria, msomaji: mzee anatakiwa aondoke nyumbani kwake ili ardhi iuzwe au iendelezwe, naye alipwe pensheni kutokana na ardhi hiyohiyo!

Agosti 2013, Jaji Isaac Lenaola aliamua kwamba haki ya wakazi hao ya kupata makao yanayofaa, iliyomo katika Kifungu cha 43 cha Katiba ya 2010, ilikuwa imevunjwa. Alilalamika pia kwamba Kenya haikuwa na sheria ya kuongoza jinsi ya kuhamisha watu. Sheria hiyo ilikuja baadaye, mwaka wa 2016, nayo inataka notisi ya miezi mitatu. Hukumu ya 2013 iliwapa wakazi pumzi, lakini haikuwapa hatimiliki. Ardhi ilibaki ya wenyewe.

Nilimwuliza broka aliyetuonyesha chumba, kodi hii inakwenda kwa nani? Akanijibu, "Mzee, wewe lipa tu."

Tukashika njia ya Kaloleni.

Ukitoka kwenye vumbi la Jogoo Road ukaingia Kaloleni, unahisi kama mtu amefunga mlango nyuma yako. Mtaa huu ulijengwa na baraza la mji katika miaka ya 1940, na waliouchora walifuata fikira ya Mwingereza Ebenezer Howard ya mji uliochanganyika na bustani. Nyumba za mawe zenye mapaa ya vigae zimezunguka viwanja vya nyasi, badala ya kupangwa kama mabehewa. Wazee wa hapo husimulia kwamba mateka wa kivita Waitaliano walitumiwa katika ujenzi. Kuna ukumbi ambamo Tom Mboya na wanasiasa wengine walihutubia watu katika miaka ya 1950, na kuna maktaba, tawi la McMillan. Siku ile ilikuwa imechakaa. Tangu hapo imekarabatiwa na shirika la Book Bunk, na wanafunzi wanaosoma ukurasa huu wakiwa wamebanwa na kelele za nyumbani wanaweza kwenda kuketi humo.

Sisemi kwamba Kaloleni ni peponi. Viwanja vingi vya nyuma vimejaa vibanda vya mabati ambavyo wapangaji wa zamani wamevijenga ili wapangishe, na maji taka hufurika kwa sababu mabomba yaliwekwa kwa watu wachache kuliko waliopo. Chumba alichopenda mpwa wangu kilikuwa kimojawapo cha vibanda hivyo, nyuma ya nyumba ya nyanya mmoja aliyekuwa amefika mtaani humo akiwa bibi arusi.

Mama mtoto hakutazama paa wala sakafu. Alimwamkia yule nyanya, akaketi kwenye kigoda, akauliza moja kwa moja, "Nyanya, nikikulipa, nitakuwa mpangaji wa nani?"

Yule mama mzee akacheka. "Wangu, mwanangu. Nami ni mpangaji wa kaunti. Kaunti ikitaka nyumba yake, mimi na wewe tutabeba vyombo pamoja. Lakini nitakuambia mapema, kwa maana mimi ndiye nitakayeambiwa kwanza."

Hakuwa akitania. Mtaa wa zamani wa Pangani, uliokuwa wa kaunti vilevile, umekwisha kubomolewa na ghorofa zikajengwa mahali pake, na kila mkazi wa nyumba za kaunti Eastlands anajua hivyo.

Tulirudi kimya hadi barabarani. Nilidhani ningeombwa kuamua, nikaanza kutayarisha maneno yangu. Mama mtoto akanitangulia.

"Tuhamie kwa nyanya," akasema. "Gikomba nitatembea, nikikatia Shauri Moyo."

Mpwa wangu, aliyekuwa ameshinda bila kutoa hoja hata moja, alikuwa na busara ya kunyamaza.

Walihama Jumamosi iliyofuata kwa mkokoteni. Waliishi pale miaka minne. Mvua za Aprili zilipokuja paa lilivuja, na mke wa mpwa wangu alinipigia simu kunieleza, kana kwamba mimi ndiye niliyepiga misumari. Alilalamikia pia kuamka saa kumi na moja ili awahi nguo kabla ya wateja wa mapema, jambo ambalo Muthurwa lisingemsumbua. Mtoto naye alijifunza kutembea kwenye nyasi zile, akifuata kuku wa nyanya.

Walipohamia Kayole, yule nyanya alikuwa bado yupo, na kaunti haikuwa imebisha hodi. Aliwarudishia pesa zao za kuingilia zote, akazihesabu mara mbili mbele yao.