Sabuni Inatosha Nyumbani, Wodini Haitoshi

Wapo wafanyabiashara wanaouza mashine ya kusafisha mashine. Ni kisanduku kinachotoa gesi ya ozoni au mionzi ya urujuanimno: mgonjwa anaweka ndani yake barakoa na mpira wa mashine yake ya kupumulia, yaani CPAP, anabonyeza kitufe, na tangazo linamwahidi kwamba hakuna kijidudu kitakachosalia. Nchini Marekani watu wamelipia visanduku hivyo mamia ya dola. Mkazi wa Pasua au Kiboriloni, mjini Moshi, anayelikuta tangazo hilo kwenye simu, naye CPAP yenyewe ameipata kwa kujinyima, anaweza kuingiwa na hofu kwamba kila usiku anavuta uchafu kwa kukosa kisanduku. Hofu hiyo aiweke chini. Kazi inayouzwa kwa bei hiyo inafanywa na sabuni, maji na kivuli cha kuanikia.

Usafi wa CPAP ni jambo zito kweli, ila kelele zake zinapigwa mahali pasipo pake.

CPAP ni kifaa kinachosukuma hewa puani kwa shinikizo lisilokatika, ili njia ya hewa au mapafu yasijifunge. Kwa watu wazima, daktari Colin Sullivan wa Sydney ndiye aliyeonyesha mwaka 1981 kwamba hewa hiyo inaweza kumtibu mtu anayekoroma na kukatika pumzi usingizini. Pampu yake ya mwanzo ilitokana na mota ya kifyonza vumbi. Lakini watoto wachanga walitangulia. George Gregory na wenzake wa San Francisco walichapisha taarifa ya kuwatibu watoto wachanga kwa njia hiyo mwaka 1971, mwaka uleule ambao hospitali ya KCMC ilifunguliwa mjini Moshi. Jina ni moja, kazi ni mbili. Mashine ya chumbani ina bwana mmoja. Ya wodini inahama kutoka pua ya mtoto huyu kwenda ya mwingine, na hapo ndipo hesabu ya usafi inapobadilika.

Tuanze na ya chumbani. Uchafu wa barakoa unatoka kwa mwenyewe: mafuta ya ngozi, jasho, mate na kamasi. Sehemu inayogusa uso ioshwe kila asubuhi kwa maji ya vuguvugu na sabuni isiyo na manukato makali, isuuzwe na kuachwa ikauke. Tangi la maji, kwa mashine iliyo nalo, limwagwe kila asubuhi bila kungoja lipungue, maana maji yaliyolala ndiyo makazi ya vijidudu. Mpira huoshwa mara moja kwa wiki: unajazwa maji ya sabuni, unatikiswa, unasuuzwa hadi povu liishe, kisha unaning'inizwa kivulini ncha zote mbili zikitazama chini. Jua kali lina sifa ya kuua vijidudu, lakini hukakamaza plastiki na silikoni, kwa hiyo kamba ya kuanikia nguo iliyo juani siyo mahali pake. Jiki na spiriti navyo vikae mbali na vifaa vya nyumbani, isipokuwa kitabu cha mashine kimeruhusu.

Kitabu hicho hakikuandikwa kwa kuufikiria Mlima Kilimanjaro. Juu, kwenye vihamba vya Kibosho, Machame na Marangu, miezi ya Juni na Julai mawingu hushuka hadi migombani na nguo hukaa kambani siku mbili bila kukauka. Mpira ulioshwa asubuhi utakuwa na matone hadi usiku, na unyevu ndio chakula cha kuvu. Dawa yake ni kuuchomeka mpira kwenye mashine bila barakoa na kuiacha ipulize hewa mpaka ndani pakauke. Chini, kuelekea Boma Ng'ombe na mashamba ya miwa ya TPC, adui ni vumbi. Huko chujio ambalo mtengenezaji amesema libadilishwe kila mwezi linaweza kuwa kijivu kabla ya hapo. Likibadilika rangi libadilishwe. Lile la karatasi halioshwi; likilowa limekwisha kazi.

Kuhusu maji, watengenezaji wengi wanataka maji yaliyotoneshwa, yasiyo na chumvi. Mtu akiulizia mjini huelekezwa kituo cha mafuta akanunue maji ya betri. Asifanye hivyo. Maji hayo yameandaliwa kwa ajili ya gari, hakuna anayeyadhamini kwa mapafu ya mtu, na pembeni yake hupangwa asidi katika chupa zinazofanana. Asipopata ya kutoneshwa, maji ya kunywa ya chupa au yaliyochemshwa na kupoa yatamsaidia kupita usiku, ili mradi yamwagwe asubuhi. Kuchemsha hakuondoi chumvi, kwa hiyo utando mweupe utajijenga chini ya tangi, hasa kwa wanaotumia maji ya visima vya ukanda wa chini. Utando huo hutoka kwa siki iliyochanganywa na maji.

Je, asiyefanya yote hayo ataugua? Ushahidi ni mwembamba. Utafiti mkubwa wa Taiwan uliochapishwa mwaka 2014 uliona kwamba wenye tatizo la kukatika pumzi usingizini hupata nimonia zaidi ya wengine kwa takriban asilimia 20, na wale wanaotibiwa kwa CPAP zaidi kidogo. Lakini wanaopewa CPAP ndio ambao ugonjwa wao umeshakwenda mbali, hivyo mtu hawezi kujua kama mwenye kosa ni mashine au ni ugonjwa wenyewe. Sababu ya maana ya kuosha ni ya kawaida kuliko nimonia. Barakoa yenye mafuta huteleza usoni na kuvujisha hewa, na hewa ikivuja tiba haifiki. Barakoa inayonuka na kuleta upele huachwa juu ya kabati. Mgonjwa aliyeiacha CPAP kabatini yuko hatarini kuliko aliyeivaa ikiwa haijaoshwa jana.

Kisanduku cha ozoni kinaongeza hatari badala ya kuipunguza. Februari 2020 Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani ilitoa onyo kwamba haikuwa imeidhinisha kifaa chochote cha ozoni au mionzi ya urujuanimno kwa kusafisha CPAP, na kwamba waliotumia ozoni waliripoti kikohozi, kuumwa kichwa, pumzi nzito na hata pumu kuwapanda. Juni 2021 kampuni ya Philips ikatangaza kuziita mamilioni ya mashine zake kote duniani kwa sababu sponji ya kupunguza sauti iliyomo ndani ilikuwa ikimung'unyika, na chembe zake zingeweza kuvutwa mapafuni. Ozoni ilitajwa miongoni mwa vitu vinavyoharakisha kumung'unyika huko. Jambo hili linaihusu Moshi moja kwa moja. Familia nyingi za Kichaga zina ndugu ng'ambo, na mashine iliyotumika huko inaweza kusafiri sandukuni kama zawadi kwa babu. Kabla ya kuiosha, isomwe jina na namba yake. Ikiwa ni ile DreamStation ya kwanza na haikurekebishwa, hakuna sabuni itakayoisaidia.

Halafu wapo wageni wanaopanda mlima na CPAP zao, betri zikiwa mgongoni kwa mpagazi. Moja ya mashine zinazotumika sana, AirSense 10 ya ResMed, mtengenezaji ameithibitisha hadi mita 2,591 tu, na vibanda vya Mandara, kituo cha kwanza cha njia ya Marangu, viko mita 2,720. Kwa maneno mengine, usiku wa kwanza tu mgeni ameshauacha mpaka wa kitabu chake. Hilo ni shauri lake na daktari wake. La kuangaliwa zaidi ni barakoa ya oksijeni ambayo waongozaji huibeba kwa dharura. Kila mpandaji anastahili yake mpya, na kampuni inayotoza maelfu ya dola kwa safari moja haina sababu ya kubana matumizi hapo.

Sasa wodini.

Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba vifo vya watoto chini ya miaka 5 nchini Tanzania vimeshuka hadi 43 kwa kila vizazi hai 1,000, kutoka 67 katika utafiti wa mwaka 2015/16. Vya watoto wachanga, yaani wa siku 28 za mwanzo, vilitoka 25 hadi 24. Hapo ndipo nchi imekwama, na watoto njiti ni sehemu kubwa ya idadi hiyo kwa sababu mapafu yao hayajakomaa. CPAP ya mapovu ni miongoni mwa vifaa vichache vya bei ya kuwezekana vinavyoweza kuisogeza. Katika hospitali ya Queen Elizabeth mjini Blantyre, Malawi, utafiti uliochapishwa mwaka 2014 uliona asilimia 71 ya watoto wachanga waliowekwa kwenye CPAP ya mapovu wakipona, dhidi ya asilimia 44 ya waliopewa oksijeni ya kawaida.

Kifaa chenyewe ni rahisi kukielewa. Hewa inaingia kwa mtoto kupitia vimirija viwili vifupi vya puani, na upande wa kutokea mpira umetumbukizwa katika chupa ya maji. Ukizama sentimita 5, shinikizo ni la sentimita 5 za maji. Mapovu yakiendelea, muuguzi anajua hewa inafika. Yakinyamaza, anajua kuna mahali panavuja au kimirija kimechomoka. Wauguzi wa wodi za watoto wachanga husikiliza mapovu hata wakiwa wamegeuka kumhudumia mtoto mwingine.

Vimirija hivyo katika nchi tajiri hutupwa mtoto mmoja akishavitumia. Katika wodi nyingi za Afrika Mashariki vinaoshwa, kwa sababu hakuna vingine. Utaratibu unaofundishwa si mgumu: sabuni na brashi ndogo kwanza mpaka kamasi zote zitoke, kisha kulowekwa kwenye klorini ya asilimia 0.5 kwa dakika 10, kusuuzwa kwa maji yaliyochemshwa, kukaushwa kabisa na kuhifadhiwa kwenye chombo chenye mfuniko. Kwa jiki ya asilimia 3.5, hiyo ni kikombe 1 kwa vikombe 6 vya maji, na mchanganyiko hutengenezwa upya kila siku kwa kuwa nguvu yake hupotea. Anayeanza na klorini kabla ya sabuni anajidanganya, maana uchafu huidhoofisha dawa kabla haijavifikia vijidudu.

Ugumu uko kwenye neno kukaushwa. Mpira mrefu na mwembamba hauwezi kukauka katika saa moja kati ya mtoto anayeondolewa na mwingine anayeingia akihema. Wodi yenye mashine 3 na seti 3 za mipira haiwezi kuwa safi hata muuguzi wake awe malaika. Itabidi achague kati ya mpira wenye maji na mtoto asiye na hewa, na kila mtu anajua atachagua nini. Wakati huohuo, vijidudu kama Klebsiela, ambavyo hupenda mahali penye majimaji, ni miongoni mwa vinavyoongoza kwa kuleta maambukizi ya damu kwa watoto wachanga barani Afrika, na vingi vimekuwa sugu kwa dawa za kawaida.

Malawi hiyohiyo imetoa funzo la pili. Majaribio ya CPAP kwa watoto wakubwa kidogo wenye nimonia kali, yaliyofanyika hospitali ya wilaya ya Salima na kuchapishwa mwaka 2019, yalisimamishwa mapema. Waliokufa katika kundi la CPAP walikuwa asilimia 17, na katika kundi la oksijeni asilimia 11. Hawakuwa watoto wachanga, na usafi haukuwa swali la utafiti huo. Hata hivyo mashine ileile inayookoa Blantyre haikuokoa ilipopelekwa kwa wagonjwa wengine, katika hospitali yenye madaktari wachache na uangalizi mdogo zaidi.

Moshi ni mji uliowahi kushinda mara kadhaa mashindano ya usafi ya kitaifa, na watu wake wanajua kwamba usafi una gharama: pipa, mfagiaji, gari la taka. Gharama ya wodi ni vimirija vya akiba, mipira ya akiba, klorini isiyokatika, fundi wa vifaa tiba anayekuja akiitwa, na mhudumu mmoja ambaye kazi yake ni kuosha na kukausha bila kuitwa kwingine. Ni vitu visivyopendeza kwenye picha ya makabidhiano. Tarehe 17 Novemba, Siku ya Watoto Njiti Duniani, makanisa, misikiti, mabenki na vikundi vya akina mama vya mkoa wa Kilimanjaro hutafuta cha kupeleka hospitalini. Kabla ya kununua chochote, wamuulize muuguzi wa zamu ana seti ngapi za mipira kwa kila mashine. Akisema moja, wamnunulie nne.