Kisumu: anayelirudia gitaa kavu aanze na wimbo gani?

Mtu aliyeliacha gitaa miaka ishirini au thelathini, likalala juu ya kabati likipata vumbi, na sasa ataka kulirudia, aanze na wimbo gani? Swali hili laweza kuonekana dogo, la watu wenye nafasi zao. Lakini mjini Kisumu na kandokando ya Ziwa Victoria lina uzito wake, kwa sababu huko ndiko gitaa lilikofunzwa kusema Kijaluo. Na wengi wanaolirudia leo ni watu wa makamo waliowaona kwa macho yao mabingwa wa kazi hiyo. Wakishapita hao, watabaki wenye kusikiliza kanda tu.

Aghlabu ni mwalimu aliyestaafu au karani wa zamani, mtu aliyejifunza gitaa shuleni katika miaka ya 1970 au 1980. Kisha zikaja kazi, watoto na karo, gitaa likasahauliwa. Sasa watoto wamekua, ana saa moja ya jioni isiyo na mwenyewe. Afungua simu yake kutafuta nyimbo nyepesi za kuanzia, naye aletewa orodha ileile anayoletewa mtu wa Toronto au London: nyimbo za roki za Marekani na Uingereza, nyingi za miaka ya 1960 na 1970. Wala hashangai, kwani ndizo alizozisikia redioni akiwa kijana.

Sina ugomvi na orodha hizo. Roki ina hekima moja ambayo anayerudi huihitaji sana: nyimbo zake nyingi husimama juu ya mishiko mitatu au minne. Mshiko ni ule mkusanyiko wa vidole unaobana nyuzi kadhaa ili zilie pamoja. Wapigaji wenyewe husema kodi, lakini neno hilo nimeliacha lisije likatuletea watu wa serikali. Anayejua mishiko ya G, C na D ana akiba ya nyimbo nyingi mno. “Bad Moon Rising” ya kundi la Creedence Clearwater Revival, ya mwaka 1969, yatosheka kwa mishiko mitatu. “Knockin’ on Heaven’s Door” aliyoitoa Bob Dylan mwaka 1973 yahitaji minne, na mwendo wake ni wa polepole, hivyo kidole kina wakati wa kutafuta mahali pake. “A Horse with No Name” ya kundi la America, iliyopanda juu kabisa katika chati za Marekani mwaka 1972, ina mishiko miwili tu tangu mwanzo hadi mwisho. Mtu ambaye vidole vyake vimelala miaka ishirini aweza kuipiga nzima katika juma la kwanza, na furaha hiyo ndiyo itakayomfanya aliguse gitaa tena kesho yake.

Hatari iko kwa zile nyimbo zinazopendwa kupita kiasi. “Hotel California” ya kundi la Eagles hakuna asiyeitaka, na wengi huianza siku ya kwanza. Asili yake iko katika B ndogo, mshiko unaotaka kidole cha shahada kilale juu ya nyuzi karibu zote na kuzibana kwa nguvu. Hata ukifunga kapo, yaani kile kibanio cha shingoni, ili uikimbie B hiyo, huenda ukaikuta F yakungoja mbele. “The House of the Rising Sun”, ambayo kundi la Animals liliivumisha mwaka 1964, nayo ina F hiyohiyo, na orodha nyingi huiweka miongoni mwa nyimbo nyepesi! F imewarudishia watu wengi gitaa juu ya kabati. Asiyeiweza apige zile nyuzi nne za chini tu, au aiache kwa miezi miwili, hakuna mtihani.

Mambo ya chombo chenyewe nayapitia upesi. Joto na unyevu wa ziwani, kama chumvi ya huku kwetu pwani, hula nyuzi za chuma zikashika kutu, na mbao ya shingo hupinda. Kabla ya kujilaumu kuwa vidole vimezeeka, tazama nyuzi ziko juu kiasi gani kutoka kwenye ubao wa shingo. Zikiwa juu mno hata kijana ataumia. Nunua seti mpya nyembamba, zilegeze zote kwa nusu sauti, upige robo saa kila siku badala ya saa mbili Jumapili. Sugu za ncha za vidole zitarudi zenyewe.

Msomaji wetu wa pwani huenda ameshaanza kukunja uso: haya magitaa na roki yatuhusu nini sisi? Basi tumtaje mtu mmoja ambaye kisa chake ni hikihiki cha kulirudia gitaa. Mwimbaji Mwingereza aliyejulikana kama Cat Stevens alikuwa katika kilele cha sifa aliposilimu mwaka 1977. Mwaka uliofuata akajiita Yusuf Islam, na mwaka 1979 akayauza magitaa yake, fedha akazitoa sadaka. Kwa zaidi ya miaka ishirini alikaa mbali na chombo hicho, kwa kuwa alikuwa amesikia wanavyuoni wakikataza ala za nyuzi, naye hakutaka shaka katika dini yake. Kisha mwanawe akaleta gitaa nyumbani. Baba akaliokota, akakuta vidole bado vyakumbuka. Mwaka 2006 akatoa santuri yake ya “An Other Cup”, na baadaye akaandika kitabu kizima kueleza kwa nini bado analibeba gitaa.

Wanavyuoni wamehitilafiana katika jambo hili tangu zamani, na ukurasa huu si mahali pa kutoa fatwa. Lakini pwani tunajua kwamba udi na gambusi zilikaa katika nyumba za Waislamu karne nyingi, na tarabu imekula harusi zetu pamoja nasi. Ziryab, aliyefika Cordoba mwaka 822, anasifiwa kwa kuuongezea udi uzi wa tano. Anayeona ni haramu ana hoja zake na aheshimiwe. Anayeona yafaa kwa masharti, basi nyimbo za Yusuf mwenyewe ni ngazi njema ya kurudia. “Father and Son”, ya mwaka 1970, yapigika kwa mishiko michache ya kawaida, na ndani yake mna mazungumzo ya baba na mwana ambayo mtu wa miaka sitini huyasikia kwa sikio jingine kabisa kuliko alivyoyasikia akiwa na ishirini.

Sasa turudi ziwani, maana huko ndiko penye jambo.

Reli iliyoanzia Mombasa ilifika ukingo wa ziwa Desemba 1901, nayo ikaleta Kisumu watu wa kila aina, Waswahili na Wanubi miongoni mwao. Gitaa lilikuja baadaye, na kama kawaida ya vitu vya namna hiyo lilikuja na wasafiri: askari waliorudi kutoka Burma na Ceylon baada ya vita mwaka 1945, mabaharia, vibarua. Marehemu Fundi Konde wa kwetu pwani alikuwa katika kikosi cha burudani cha vita hivyo. Kisha kutoka Katanga ukaja upigaji wa vidole wa Jean Bosco Mwenda, ambaye Hugh Tracey alimrekodi “Masanga” mwaka 1952, na Edouard Masengo aliyekuja hadi Nairobi. Kaskazini kidogo ya Kisumu, kwa Waluhya, George Mukabi akafanya mtindo wake wa omutibo: dole gumba lashika besi, kidole cha shahada chaimba juu, na pembeni chupa ya soda yagongwa. Mukabi alikufa mwaka 1963, lakini “Sengula Nakupenda” yake, ambayo ni ya Kiswahili, wazee wangali wanaijua.

Wajaluo walikuwa na kinanda chao tangu hapo, nyatiti, chenye nyuzi nane. Mpigaji huketi chini kabisa, avaa pete ya chuma katika kidole kikubwa cha mguu na kuigonga juu ya mti wa kinanda, huku njuga zikilia kifundoni. Nyuzi za nyatiti hudonolewa mojamoja, hazikwaruzwi pamoja. Gitaa lilipofika likafuata mwendo huo, na humo ndimo ilimotoka benga. Daniel Owino Misiani, mzaliwa wa Shirati upande wa Tanzania, ndiye aliyeivumisha kuliko wote kwa kundi lake la Shirati Jazz. Mfanyabiashara Oluoch Kanindo akazieneza santuri mpaka kusini mwa Afrika, hata huko Zimbabwe watu wakauita muziki huo kanindo kwa jina lake.

Hapo ndipo neno “nyepesi” linapoanza kutudanganya. Benga nayo ina mishiko miwili mitatu. Kwa hesabu ya orodha zile za simuni, ingewekwa pamoja na “Bad Moon Rising”. Lakini mpe mtu aliyejifunza kwa roki, aone! Katika roki nyepesi mkono wa kushoto ndio unaofanya kazi, wa kulia wapanda na kushuka tu. Katika benga mkono wa kushoto karibu umetulia, kazi yote iko kulia, katika kuzidonoa nyuzi mojamoja bila kukosea, gitaa likijibizana na mwimbaji. Kisha lafika lile fungu la mwisho ambapo mwimbaji hunyamaza na magitaa yakaachiwa yakimbie. Hakuna kitabu kilichoandika mambo hayo kikatosha. Yamo katika mikono ya watu, na yalihama kutoka mkono hadi mkono kwa kijana kuketi karibu na mkubwa wake akatazama.

Na mikono yenyewe yaondoka. Misiani alifariki kwa ajali ya barabarani hapohapo Kisumu, Mei 2006. Musa Juma wa Limpopo International alifariki Mombasa, kwetu, Machi 2011. Ayub Ogada, mpiga nyatiti ambaye wimbo wake “Kothbiro” ulitumiwa katika filamu ya “The Constant Gardener”, alizaliwa Mombasa mwaka 1956 akafia Nyahera karibu na Kisumu mwaka 2019. Katika sherehe nyingi za huko siku hizi inayotamba ni ohangla, na katika ohangla ya kisasa kinanda cha umeme kimechukua sehemu kubwa ya kazi ya gitaa. Siilaumu, ina raha yake, na vijana wana haki ya ngoma yao. Ila kijana wa leo anayetaka kujua gitaa la benga hupigwaje bila umeme wala jukwaa, amfuate nani?

Jibu langu ni huyuhuyu mzee anayelishusha gitaa kutoka kabatini. Yeye alisimama mbele ya jukwaa. Huenda hakuwahi kuwa bingwa, lakini sikio lake linajua lipi ni sawa na lipi si sawa, na ujuzi huo simu haina. Akimaliza miaka yake ya kustaafu akipiga Eagles tu, atakuwa amepata burudani na hakuna wa kumlaumu. Lakini patakuwa na kitu alichokuwa nacho yeye peke yake, naye hakukitoa.

Kwa hiyo ningemshauri hivi. Majuma manne ya kwanza awape roki: mishiko miwili ya America, mitatu ya Creedence, na “Father and Son” jioni akiwa peke yake. Hiyo ni kazi ya kufufua vidole, na roki yaifanya vizuri kuliko muziki mwingine wowote ninaoujua. Kisha ahamie nyimbo za Kiswahili za zamani, ambazo maneno yake anayo moyoni tayari na mwendo wake ni wa kutembea. “Malaika” aliyoirekodi Fadhili William, mtu wa Taita (ugomvi wa nani aliitunga tuuache leo), yatosheka kwa mishiko ileile aliyokwisha kuizoea. “Lunchtime” ya Gabriel Omolo, iliyovuma miaka ya 1970, ni kazi ya mtu wa ziwani aliyeimba kwa Kiswahili habari za wafanyakazi saa ya chakula cha mchana. Hiyo ni daraja nzuri, kwa kuwa gitaa lake limeshaanza kudonoa.

Ndipo aiendee benga, na hapa wengi huanzia pabaya. Hukimbilia gitaa la solo, lile linaloruka juu, kwa sababu ndilo linalosikika kwanza. Aliache. Asikilize gitaa la pili, lile linalorudia kijisehemu kifupi mwanzo hadi mwisho kama mtu asokotaye kamba. Achukue kijisehemu hicho kimoja, akipige taratibu mno, dole gumba likikaa juu ya uzi mnene na kidole cha shahada kikitafuta nyuzi nyembamba. Kikishatulia, aimbe juu yake. Akiweza kuimba bila mkono kusimama, amwite mjukuu aketi upande wake wa kulia, mahali ambapo mkono unaonekana.