Goti Lililovimba: Tuone Kwanza, Tukate Baadaye

Ndugu msomaji, tuseme yuko mama mkulima wa Bibokoboko, katika milima iliyo juu ya Baraka. Goti lake la kuume limevimba miaka mitatu. Halimwumi sana, wala halina moto. Hana homa, wala hakukonda. Uvimbe unazidi, unapungua, kisha unarudi. Jirani anamwambia, "Umetegewa sumu." Mwingine anamchanja kwa wembe. Katika kituo kimoja cha afya wanatoa maji kwa sindano mara tatu. Katika kingine wanasema, "Labda ni kifua kikuu cha kiungo, meza dawa hizi." Wote wamefanya jambo fulani, lakini hakuna aliyetazama ndani ya goti.

Goti la namna hii laweza kuwa na magonjwa mengi. Moja ni adimu sana, na waganga huliita lipoma aboresensi, maana yake mafuta yenye umbo la mti. Kiungo cha goti kina utando mwembamba ndani yake, nao hutoa maji ya kulainisha mifupa. Katika ugonjwa huu mafuta huujaza utando, nao huota vitawi vingi vidogo kama matawi ya mti. Mara nyingi huota katika mfuko ulio juu ya kifuniko cha goti. Si saratani. Hauambukizi mtu mwingine, wala haukuletwa na adui. Lakini utando huo huzidisha maji, na kwa hiyo sindano hutoa maji leo, nayo hurudi kesho.

Je, mganga atautambuaje? Mikono yake haitoshi. Picha ya radiografi huonyesha mifupa vizuri, lakini mafuta na maji huonekana kama kivuli tu. Ekografi, ile mashine inayotumiwa kumtazama mtoto tumboni mwa mama, huonyesha zaidi: vitawi vinavyopepea ndani ya maji mganga akibonyeza goti. Lakini inayosema kwa uhakika zaidi ni mashine ya sumaku, ambayo wengi huiita IRM. Katika picha zake mafuta ya kiungo hufanana kabisa na mafuta yaliyo chini ya ngozi. Kisha mashine ikipangwa kuyazima mafuta, vitawi huwa vyeusi, na maji yanayovizunguka hubaki meupe. Hapo mganga hujua kwamba ni mafuta, wala si usaha, wala si damu ya zamani.

Wengine watasema, "IRM ni ya matajiri, sisi wa milimani tutaipata wapi?" Neno hilo ni la haki. Mwezi wa kumi wa mwaka 2021 vita viliwafukuza watu wengi wa Bibokoboko, na hata wakati wa amani kumshusha mgonjwa mpaka Baraka ni kazi ya mabega ya wanaume. Kwa hiyo sisemi kila goti lipelekwe kwenye sumaku. Nasema twende kwa utaratibu. Kwanza mgonjwa apimwe vizuri na kuulizwa habari zake. Pili, radiografi na ekografi. Tatu, maji yakitolewa yasimwagwe, bali yapimwe, maana kifua kikuu cha viungo kipo kweli, nacho hutakiwa kuthibitishwa, si kukisiwa. Mkisio hummezesha mtu dawa kali miezi sita au zaidi kwa ugonjwa asio nao. IRM ije mwisho, pale ambapo jibu lake litabadili matibabu. Pesa zilizokwisha kwa sindano nyingi na wembe mwingi pengine zingemfikisha huko.

Na ugonjwa huu ukijulikana, kuna tumaini. Mwenye taabu ndogo huweza kuangaliwa tu. Mwenye taabu kubwa mpasuaji humwondolea utando ule mbaya, na mara chache tu hurudi. Mguu haukatwi.

Sasa maonyo mawili. La kwanza: goti likivimba ghafula, likawa jekundu na la moto, pamoja na homa, usingoje hata siku moja, huo waweza kuwa usaha, nao huharibu kiungo upesi. La pili: kabla ya kuingia katika mashine ya sumaku, mwambie mganga kama una chuma mwilini, hasa kipande cha risasi au cha bomu, au kifaa cha kusaidia moyo. Katika nchi iliyoona vita, swali hilo si dogo. Sumaku huweza kukivuta chuma, nacho kikakuumiza ndani.

Basi, ndugu, mgonjwa akikujia na goti lake, usimpe jina la adui wala wembe. Mpe msaada wa safari. Watu wa kanisa wanaomchukua mgonjwa kwa machela wamefanya kazi kubwa kuliko wanaokaa kubishana ni nani aliyemroga. Nasi tunaotibu tuvumilie kusema, "Bado sijui, ngoja tutazame." Mganga akisema hivyo hajavunja heshima yake, amelinda goti la mtu.