Ilani ya Wanaodai Sababu

Sisi wanafunzi, walimu na wazazi tumekutanishwa na jibu moja lililotuchosha: "Ndiyo kanuni, wewe kariri tu."

Tumekariri. Hasi mara hasi ni chanya. Ukigawanya kwa sehemu, pindua uzidishe. Majaribio tukafaulu, na likizo ilipokwisha hatukukumbuka tena inapinduliwa sehemu ipi, ya kwanza au ya pili. Asiyejua sababu, akipotea hana pa kuanzia.

Na sababu haziko mbali. Mikate 3, kila mtu robo: wanakula watu 12. Ndiyo 3 kugawanya kwa robo, na ndiyo maana tunazidisha kwa 4. Deni ni hasi. Kuondoa nako ni hasi. Aliyeondolewa madeni 3 ya shilingi 1,000 amenufaika kwa 3,000.

Al-Khwarizmi wa Baghdad, aliyeandika kitabu cha aljebra katika karne ya 9, hakutaka kuaminiwa tu. Kwa mlinganyo tunaouandika leo x² + 10x = 39, alitaja hatua, kisha akachora. Mraba wa x, ubavuni mistatili miwili ya upana wa 5, kona iliyobaki akaijaza kwa 25. Ukawa mraba mmoja wa 39 + 25, yaani 64. Upande wake ni 8. Toa 5, x ni 3.

Basi tunatangaza:

1. Kila kanuni ifundishwe pamoja na sababu yake, kwa lugha anayoielewa mtoto.

2. Jedwali la kuzidisha tutaendelea kulikariri, wala hatuoni haya. Tunachokataa ni kukariri kukae mahali pa kufikiri.

3. Sababu ikilizidi darasa kimo, kama ya ujazo wa tufe, mwalimu aseme wazi: "Hii tunaikopa." Iandikwe ukutani, na deni lilipwe madarasa ya mbele.

4. Anayeuliza "kwa nini" asiitwe mkaidi, asichekwe, asichapwe.

5. Katika mtihani, "eleza" iwe na alama zake kama "kokotoa".

Mwalimu, usiposhika sababu, sema, tutaitafuta pamoja. Mzazi, mwanao akirudi na alama nzuri, mwombe akueleze swali moja tu. Nawe mwanafunzi, kesho kanuni mpya ikiandikwa ubaoni, inakili, kisha nyoosha mkono.